Mbuzi Iliyorudi Mara Nne

Juzi alasiri nilipigiwa simu kutoka bandarini Malindi, hapa Zanzibar: una mzigo wako umeshuka na boti ya Pemba, njoo uuchukue. Nikaiacha randa juu ya meza, nikamwambia kijana wangu asiuguse ule mlango mpaka nirudi, nikaenda. Mzigo ulikuwa umefungwa kwa kanga kuukuu na kuzungushiwa kamba ya usumba. Hakuna aliyeniambia ndani mna nini, lakini nilipoutia kwapani tu niliujua, kwa uzito wake na kwa ile ncha ya chuma iliyonigusa ubavuni. Ni mbuzi ya kukunia nazi niliyoichonga mwaka 2003 kwa mti wa mfenesi. Hii ni mara ya nne inarudi mikononi mwangu, na kila iliporudi ilinifundisha jambo ambalo fundi wangu hakuwahi kunifundisha.

Mimi ni seremala. Karakana yangu ipo Fuoni, hapa Unguja. Niliingia kazi hii mwaka 1991 nikiwa na miaka 15, mwanagenzi kwa mzee mmoja wa Makunduchi ambaye mwaka mzima wa mwanzo hakunipa kazi nyingine ila kunoa. Patasi, juba, bobari, visu vya randa, vyote vilipita kwangu kwenye kinoo kila asubuhi. Alikuwa akipima kwa shibiri ya kiganja na wanda, yaani upana wa kidole, futi ya chuma akiitoa mteja anapotaka kuiona. Alinifunza kuchonga ulimi ukaingia kwenye tundu lake bila kugongwa kwa nguvu. Alinifunza kuunusa mninga na kuujua kabla sijaukata, na kuutambua ubao ulioingiwa na bungua kwa unga unaodondoka chini yake. Siku moja alinipeleka Forodhani kuitazama milango ya Beit al-Ajaib, jumba la Sayyid Barghash la mwaka 1883, akanisimamisha mbele ya zile aya za Qurani zilizochongwa kwenye mti, akaniambia nisiseme kitu, nitazame tu.

Kwa hiyo nilipooa, nikiwa na miaka yangu 27, nilijiona fundi. Nikataka kumpelekea mama mkwe zawadi itakayotoka mikononi mwangu. Anaishi Pemba, upande wa Wete, na mke wangu aliniambia mbuzi yake ya zamani imepasuka. Nikachagua ubao wa mfenesi uliokauka vizuri. Mfenesi ni mti ninaoupenda kuliko yote: ukiukata ni wa manjano kama binzari, na kadiri miaka inavyokwenda unageuka hudhurungi, halafu mwekundu wa kiza. Mti wenyewe ulitoka Uhindi, na jina lake lilikuja nao, lakini umeshakuwa wetu. Nikachonga vibao viwili vinavyopishana kama mkasi, kimoja nikakitoboa uwazi na kingine kikapita humo, kijiti kigumu kikavishika pale vinapokutana, ili ikikunjwa ilale bapa na itundikwe ukutani. Pembeni nikaweka nakshi ya yungiyungi. Nikaisugua kwa majani ya msasa, yale ya mti wenyewe, ambao karatasi ya dukani imechukua jina lake. Nilikaa juu yake kama mtu aliyepanda punda, nikajaribu, nikaona imesimama. Nikaituma.

Baada ya wiki mbili ikarudi.

Wanaojua heshima ya mkwe kwetu wataelewa kwamba mama mkwe hakuwa na njia ya kuniambia neno usoni. Mimi na yeye hatukuwahi kukaa mkeka mmoja. Maneno yalikuja kupitia kwa mke wangu: "Mama anakushukuru sana, Mungu akuzidishie. Anasema chano hakiingii." Nilikuwa nimepima urefu wa shingo, pale chuma kinapokaa, kwa bakuli letu la plastiki hapa nyumbani. Yeye anakunia kwenye chano cha mti chenye ukingo uliosimama, alichoachiwa na mama yake. Chuma kilikuwa chini mno. Ikanibidi nichonge shingo mpya na kuinyanyua nyanda tatu.

Ikaenda, ikarudi. Safari hii ujumbe ulikuwa mfupi: "Anasema inamtisha." Sikuelewa. Niliikalia tena, nikajinyonganyonga huku na huku, haikutikisika. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni ananitazama. Akanambia, "Ondoka, baba." Akajifunga kanga yake vizuri, akakaa upande, miguu yote miwili imeelekea kushoto, akaegemea mbele kama anayekuna. Mguu wa nyuma ukanyanyuka.

Nilisimama pale nikaona haya. Mwanamke aliyevaa kanga hapandi mbuzi kama punda. Hukaa upande, na uzito wake wote huangukia upande mmoja, tena husogea kila nazi inapozungushwa kwenye meno. Nimekua ndani ya nyumba yenye mama, bibi na dada watatu, wote nimewaona wakikuna nazi kila siku ya Mungu, na sikuwahi kuona wamekaaje. Nilipima mbuzi ya mwanamke kwa mwili wangu mimi. Kile kibao cha pili nikakitupa, nikachonga kingine ambacho miguu yake imetanuka, na ule wa upande anaoegemea nikauongezea upana.

Mara ya tatu lilikuwa suala la meno. "Anasema nazi inatoka kama maranda, tui halitoki." Chuma nilikuwa nimekinunua sokoni hivyo hivyo, meno 11, makubwa, yamepangwa kama ya msumeno wa kupasulia. Kwa jicho la seremala yalikuwa meno mazuri. Nikampelekea mhunzi akakiponda upya, kisha nikakaa nacho mwenyewe jioni nzima na tupa ya pembe tatu mpaka nikapata meno 19. Halafu nikafanya jambo ambalo ningelifanya tangu siku ya kwanza: nikanunua nazi tatu, nikakaa upande, nikakuna. Ya kwanza niliishia kukwangua na ngozi ile ya kahawia, machicha yakawa na madoa. Ya pili nikaanza kuelewa kwamba nazi haisukumwi, huzungushwa, na meno yanatakiwa yalambe. Ya tatu ikatoka laini, nyeupe, yenye unyevu. Nilipoikamua bila maji, kasimile ilinipita vidoleni nzito kama maziwa ya mtindi. Pale ndipo nilipojua meno ya mbuzi yanatakiwa kuwaje, nikiwa na miaka 12 kwenye useremala.

Ikaenda Pemba, haikurudi tena kwa zaidi ya miaka 20.

Nimekuwa nikilifikiria jambo hili muda mrefu, na sasa nalisema kwa sababu naliona linapotea mbele ya macho yangu. Tukizungumzia ufundi wa asili tunazungumzia mafundi: wazee wanakufa, vijana hawataki kujifunza, turithishane. Ni kweli, nami nina kijana mmoja tu ninayemfundisha, na kabla yake watatu walikimbilia kuendesha bodaboda. Lakini hiyo ni nusu ya maneno. Nusu ya ufundi wa mbuzi hakuwa nao fundi wangu wa Makunduchi, wala sikuwa nao mimi. Ulikuwa kwenye nyonga na mikono ya mwanamke ambaye hajawahi kushika patasi maisha yake yote. Fundi wangu hakunifundisha urefu wa shingo wala upana wa miguu kwa sababu yeye mwenyewe hakukaa akavifikiria. Wanawake wa mtaa wake walivifikiria kwa niaba yake. Mbuzi ikiwa mbaya, kesho yake asubuhi imeshaletwa, imewekwa mlangoni, na maneno yake juu. Alichonga mbuzi mia na kidogo kidogo mkono wake ukazoea. Yeye aliona anafuata mila, kumbe alikuwa amerekebishwa na watu ambao majina yao hakuna aliyeyaandika popote.

Sasa tazama mbuzi zinazochongwa leo. Zipo nyingi tu, nenda kwenye maduka ya Mji Mkongwe uzione zimepangwa, zimepakwa vanishi mpaka zinang'aa, nakshi kila upande. Nimezigeuza nyingi. Chuma chake ni bati, meno yamekatwa kwa kupambia, hayakuni hata ndizi. Sishangai. Anayeinunua ataitundika sebuleni kwake Ulaya, na hakuna siku atakayomtuma mtoto wake dukani arudi na ujumbe kwamba chano hakiingii. Mchongaji hana kosa, anakula kwa kazi hiyo. Ila hataambiwa na mtu kitu alichokosea, kwa hiyo hatajua, na atakayejifunza kwake hatajua pia. Baada ya mikono miwili mitatu, kitu kile kitabaki na umbo la mbuzi tu.

Nami nimepitia hapo. Miaka michache nyuma hoteli moja ya upande wa mashariki iliniagiza mlango wa nakshi, mkubwa, wa mbao za mninga. Walitaka kila kitu: samaki, mnyororo, mtende, yungiyungi, na vichwa vya shaba. Nilichora miimo kwa bikari wiki nzima. Nilipouliza utafungukia ndani au nje wakaniambia haufunguki, utabandikwa ukutani nyuma ya mapokezi. Walinilipa vizuri na kwa wakati, sina lawama. Lakini anayejua milango yetu anajua kwamba nakshi ni pambo la mlango, na mlango wenyewe ni mwendo. Mbao hunywa unyevu masika zikavimba kwa upana, kaskazi ikivuma zikasinyaa, na mlango wa mbao mbili lazima uache nafasi katikati kwa ajili ya kuvimba huko. Nafasi hiyo ndiyo inayofunikwa na mfaa, ule mti wa katikati uliochongwa, ambao hushikana na bawa moja tu ili jingine lifunguke kwanza. Milango ya kale haina bawaba: kila bawa lina ncha juu na chini zinazozunguka ndani ya matundu ya kizingiti. Ukikosea tundu kwa unene wa ukucha, mlango utakwaruza sakafu mwezi wa nne na mwenye nyumba atakuja kukuamsha. Mlango ule wa hotelini niliupa mfaa. Nikaupa na ncha pia, ingawa hazizunguki popote. Sikuweza kuuacha bila ncha. Mpaka leo sijui kama niliukata sawasawa, na hakuna masika itakayoniambia.

Mji Mkongwe uliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na nashukuru, kwani bila ya hapo milango mingi ingekwishang'olewa na kuuzwa nje. Nimekarabati kadhaa. Lakini orodha inaulinda mlango. Haimlindi yule bi mkubwa wa mtaani aliyekuwa akisikia mlango unavyolia na kujua ni ncha ya chini ndiyo iliyolika.

Kuna kazi nyingine nataka kuieleza, kwa kuwa nayo ilinirudia, tena kabla ya mbuzi, ila nilikuwa mdogo na sikuielewa. Ni marfaa, kile kibao cha kuwekea msahafu au juzuu wakati wa kusoma. Wengi wanakitumia bila kujua kwamba ni ubao mmoja mzima. Unachukua ubao wa unene wa inchi moja na nusu. Mahali pa kukunjia unagawa vifundo vitano. Upande wa mbele unachimba kifundo cha kwanza, cha tatu na cha tano mpaka viwe mviringo, unaugeuza ubao, unachimba cha pili na cha nne. Kisha unausimamisha kwenye jiliwa, kile kibanio cha mezani, na kuupasua kwa msumeno kwenye unene wake, kama unayetaka kupata mbao mbili nyembamba, na ukifika kwenye vifundo unasimama. Unaupindua, unapasua kutoka upande wa pili, unasimama tena. Sasa una ubao ulioshikana katikati tu. Hapo unachukua patasi nyembamba kuliko zote ulizonazo na kukitenga kila kifundo na jirani yake, taratibu, pumzi umeishika. Ukikosea, kifundo kinakatika na kazi ya siku mbili inakuwa kuni. Usipokosea, unashika juu, unavuta, mti unalia kidogo, halafu unafunguka. Bawa la mbele linakuwa kitu kimoja na mguu wa nyuma, bawa la nyuma na mguu wa mbele, wamekumbatiana katikati na hawaachani mpaka mti uoze. Hapana bawaba, hapana msumari, hapana gundi.

Marfaa tatu za mwanzo nilizivunja. Ya nne ilipofunguka, fundi wangu aliichukua, akaifunga na kuifungua mara nyingi bila kusema kitu, akaiweka kwenye rafu yake mwenyewe. Baada ya hapo aliniachia oda ya marfaa 20 za chuo cha Qurani cha mtaani. Nilizichonga kwa miezi miwili. Maalim alipokuja kuzichukua aliweka moja chini, akamwita mtoto wa miaka kama sita akae mbele yake. Juzuu ikawa usawa wa paji la uso wa yule mtoto. Nilikuwa nimepima kwa kukaa mwenyewe, kijana wa miaka 17. Maalim hakukasirika. Alisema, "Mwanangu, wanaosoma ndio hawa," akamshika yule mtoto begani. Nilizikata miguu zote 20. Ndiyo maana nasema sikuelewa: kosa lile lile la kupima kwa mwili wangu nililirudia miaka kama kumi baadaye kwa mama mkwe.

Siwalaumu wanaonunua nazi iliyokunwa sokoni kwa mashine ya mota. Mwezi wa Ramadhani, kunapokuwa na muhogo, majimbi na ndizi za kupikwa kwa tui na watu kumi wa kufuturisha, mke wangu naye hununua, na ningekuwa mimi ningefanya vivyo hivyo. Kukuna nazi sita kwa mkono na saumu kichwani si jambo la kumpambia mtu maneno. Ninachosema ni kwamba mbuzi inapoondoka jikoni, inaondoka na mtu aliyekuwa akiijua.

Mama mkwe alifariki mwaka jana, Mungu amrehemu. Katika maisha yake yote hakuwahi kunisifia ile mbuzi, ila tulipokwenda maziko niliiona jikoni, imetundikwa karibu na dirisha, nyeusi kwa moshi, na ile nakshi yangu ya yungiyungi imelika upande mmoja kabisa, pale kanga zake zilipokuwa zikisugua. Nilitia kidole kwenye alama ile. Aliirithi shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, na yeye ndiye aliyenitumia mzigo wa juzi. Ujumbe ulikuja usiku kwenye simu, moja kwa moja, maana shemeji hana haya na mimi: "Shemeji, mguu unacheza. Na mimi ni mrefu kuliko mama, mgongo unaniuma. Fanya unavyojua."

Nimeifungua. Kisigino cha mguu mmoja kimeoza kwa maji ya kuoshea sakafu, na tundu la kijiti limekuwa yai kwa kukunjwa na kukunjuliwa. Jana nimekata sehemu mbovu, nikaunga kiraka cha mfenesi kwa ulimi, mguu wote nikaunyanyua wanda moja na nusu kwa ajili ya mgongo wa shemeji. Kiraka ni cha manjano kali pembeni ya ule mti mweusi. Kijana wangu alitaka kukipaka rangi kifanane, nikamkataza. Kitafika chenyewe.

Leo asubuhi nimeileta nyumbani. Binti yetu ana miaka 14 na hajawahi kukuna nazi hata moja. Nikamwomba akae aijaribu, kwa kuwa kwa urefu anafanana na mama yake mdogo. Akaipanda kama punda. "Si hivyo," mama yake akamwambia, akamfunga kanga, akamgeuza magoti kwa mkono, akampa kipande cha nazi na kumwekea chano chini. Mimi nilikuwa nimelala kifudifudi kwenye sakafu, natazama miguu. Alipozungusha nazi mara ya kwanza haikutokea kitu. Mara ya pili, alipoegemea, kile kiraka cha manjano kikanyanyuka juu ya saruji kiasi cha unene wa karatasi. Nikamwambia asisimame, nikaivuta kalamu ya risasi kutoka sikioni, nikaweka alama.